Mheshimiwa Ushamba

Itifaki imezingatiwa. Mkuu wa mkoa ametajwa, mbunge ametajwa, mwenyekiti wa wachimbaji wadogo ametajwa mara mbili kwa sababu ndiye aliyelipia vipaza sauti. Amebaki mmoja, na leo nimesimama kwa ajili yake: Mheshimiwa Ushamba. Jukwaani hana kiti, mezani hana chupa ya maji, na kila anayeulizwa anakana kumfahamu. Hata hivyo hakuna mtu wa Shinyanga aliyepanda ndege kwenda Johannesburg, Muscat, Guangzhou au Perth bila kusindikizwa naye, wala hakuna aliyerudi akamkosa stendi ya Kahama, amesimama pale pale mabasi yanaposhushia. Ndugu wa damu huchelewa kumpokea mtu. Yeye hajawahi.

Nazungumza kwa mamlaka. Mimi ni Msukuma, na katika nchi hii Msukuma ndiye aliyekabidhiwa kuutangaza Ushamba. Ukitaka kuchekesha watu Dar es Salaam, sema tu "Msukuma mmoja alifika Kariakoo", kisha nyamaza, wengine watajimalizia. Mnayakumbuka ya yule aliyesimama kushangaa jengo refu, tapeli akamjia: umehesabu ghorofa ngapi? Akasema tano. Lipa, kila ghorofa ina bei yake. Akalipa za tano, akaenda zake akichekea tumboni, maana alikuwa amehesabu kumi. Watu humcheka mpaka leo. Mimi nasema yule ndiye pekee katika hadithi ile aliyelala siku hiyo akiwa na furaha, na mjini furaha ya bei ile haipatikani.

Wazee wetu walimjua Mheshimiwa mapema. Karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo, miezi mizima kwa miguu, na kwa wengi safari hiyo ndiyo iliyokuwa jando lao. Ambaye hajaiona bahari alikuwa bado mtoto. Pwani waliitwa washenzi. Walichekwa wanavyovaa, walichekwa wanavyotamka, wakauziwa vitu kwa bei ya kuwaonea. Walirudi na vitambaa, shanga, Kiswahili, wengine na dini mpya, na haukupita hata msimu mmoja kabla hawajawaona majirani zao waliobaki kijijini kuwa ndio washenzi wenyewe. Utani wetu na Wazaramo na watu wengine wa njia ile, ambao hadi leo unamruhusu mtu aje msibani kwako akalale mahali pa maiti asipewe kofi, wengi wanauhusisha na misafara hiyo. Watu waliolazimika kulala kambi moja huku wanaogopana waligundua namna nafuu ya kuogopana, nayo ni kuchekana.

Wasomi walikuja kumgundua Mheshimiwa baadaye sana, wakampa jina la hospitali. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada ambaye miaka ya 1930 alifanya utafiti Ankole, hapo ng'ambo ya mto Kagera, ndiye aliyelitia nguvu wazo la mshtuko wa utamaduni, kwa mhadhara alioutoa Rio de Janeiro mwaka 1954 na makala ya mwaka 1960. Akaorodhesha dalili: kunawa mikono kupita kiasi, wasiwasi juu ya maji ya kunywa, chakula na matandiko, hofu ya kupunjwa, macho ya kutazama mbali bila kuona kitu, na hamu kali ya kurudi kwao. Wengine wakachora mkunjo wa mgeni anayefika na furaha, anazama, kisha anazoea na kupanda tena. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaunganisha hapo mkunjo wa pili, wa anayerudi nyumbani, mchoro ukawa herufi W. Aliyewahi kupakiwa kwenye bodaboda kutoka Katoro kwenda machimboni baada ya mvua hakuhitaji kuchorewa.

Oberg simlaumu kwa mengi, ila kwa hili moja, kwamba aliuita ugonjwa. Mtu anawezaje kuwa mgonjwa wa kitu kinachomfanya, kwa mara ya kwanza tangu utotoni, atazame kila kitu kwa macho mawili?

Nina mpwa wangu, fundi mitambo. Alijifunzia kazi migodini huku kwetu, akapata mkataba Kalgoorlie, Australia Magharibi. Alipopiga simu mara ya kwanza alinihakikishia kwamba hajaenda popote. "Mjomba, hii ni Kahama yenye lami." Na ukimsikiliza unamkubalia. Vumbi jekundu. Dhahabu iliyoonekana mwaka 1893, watu wakamiminika. Shimo la wazi lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu ukingoni mwa mji. Baa za kutosha. Hata maji si ya hapo: tangu mwaka 1903 yanasukumwa kwa bomba kutoka karibu na Perth, zaidi ya kilomita 500, kama sisi wa Shinyanga na Kahama tunavyokunywa Ziwa Victoria kupitia Ihelele, Misungwi. Kama ardhi ndiyo ingekuwa inampa mtu ushamba, kijana yule angepita salama kabisa.

Mheshimiwa alikuwa anamsubiri kwenye chumba cha kulia. Siku za mwanzo mpwa wangu alifungua chombo chake cha wali na kuku, akawageukia wenzake mezani, akasema karibuni, kama alivyolelewa. Kwetu huwezi kutia tonge mdomoni mbele ya mwenzako bila kumkaribisha. Naye atasema asante, endelea, au atanawa na kuonja tonge moja kulinda heshima ya nyumba. Mmoja wa wale mezani, mtu wa miraba minne mwenye ndevu nyekundu, akashukuru kwa moyo, akachukua paja la kuku lote, akalila huku anasimulia habari za mbwa wake. Kesho yake, karibuni, paja likaenda. Mjanja angenyamaza siku ya tatu. Mpwa wangu alipika mapaja mawili. Na huyo mwenye ndevu ndiye aliyekuja kumpeleka hospitali homa ilipomshika usiku, ndiye aliyemweleza kwamba mapipa ya taka yana vifuniko vya rangi na rangi zina sheria, na ndiye aliyemwazima koti la baridi akakataa kulichukua tena. Nani mwingine ananunua rafiki kwa paja la kuku?

Siku nyingine kwenye basi kulikuwa na abiria mmoja tu, mama wa makamo. Mpwa wangu akaenda kukaa kando yake. Kwetu kukaa mbali na mtu mmoja aliyemo ndani ya basi tupu ni kumnunia. Yule mama akauvuta mkoba wake upande wa dirishani. Mpwa wangu akashukuru kwa kupishwa.

Huo ndio utukufu wa Ushamba, na ulikuwa haujaisha nguvu. Lakini taratibu ukaanza kumponyoka. Mpwa wangu akajifunza kula kimya. Akajifunza kukaa kiti cha mbali. Akajifunza kwamba rafiki hatembelewi bila miadi, na saa nane ni saa nane. Wenzake wakampongeza kuwa amezoea; yule mwenye ndevu peke yake ndiye aliyeonekana kukosa kitu wakati wa chakula. Alipokuwa amehitimu, hana ushamba hata wa kuombea chumvi, mkataba ukaisha akarudi Shinyanga.

Hapa ndipo sifa zangu zinapopanda daraja. Ushamba wa kwenda ni shule ya msingi. Una huruma ndani yake. Ughaibuni ukikosea wanasema hajui. Nyumbani ukikosea wanasema anajua sana. Kule sura yako, lafudhi yako na koti lako la kuazima vinakuombea msamaha kabla hujafungua mdomo. Huku sura ni ya baba yako mtupu, jina ni la babu yako, kwa hiyo kila unachokosea kinahesabiwa umekifanya makusudi.

Kwanza mpwa wangu alimpigia simu shangazi yake wa Old Shinyanga kuuliza kama anaweza kufika Jumamosi saa nne asubuhi. Shangazi akakaa chini. "Nani amekufa?" Mtu mzima haombi kibali cha kumwona shangazi yake isipokuwa amebeba neno zito. Jumamosi hiyo alipofika alikuta kina mama wamejaa mkekani, khanga mabegani, wanasubiri tangazo. Alikuwa amemletea shangazi chokoleti.

Jioni ile njiani akakutana na mzee anarudisha ng'ombe, akamwamkia "mwangaluka". Ni salamu ya asubuhi. Jua lilikuwa linazama. Mzee akamwitikia kwa upole "mwadila", akamuuliza ni mtoto wa nani, ukoo gani, upande wa mama anatokea wapi, mpaka wakapata ndugu mmoja wa kuwaunganisha, kama inavyopasa. Wachungaji wadogo waliokuwa nyuma hawakuwa na upole huo. Wiki nzima kila alipopita jioni alisikia mwangaluka kutoka juu ya miti.

Dalili zote za Oberg zikamtokea akiwa kwa mama yake mzazi. Ananawa kwa dawa ya kichupa kabla ya kusalimiana na baada ya kusalimiana. Anaigeuza chupa ya maji kutafuta tarehe. Anauliza shuka zilifuliwa lini. Mama yake akamwandalia michembe, viazi vitamu vilivyokatwa, vikaanikwa juani, vikachemshwa, pamoja na maziwa mgando, chakula ambacho kwa maelezo yake mwenyewe alikiota Kalgoorlie nzima. Akala vipande viwili, akashika tumbo, akatazama mbali bila kuona kitu. Hamu ya kwao ilimshika akiwa kwao. Hilo Oberg hakulifikisha Rio de Janeiro.

Kadi ya mchango wa harusi ilipomfikia, akauliza kama mchango ni wa hiari. Mweka hazina akamjibu kwa adabu kwamba ni hiari kabisa: ana hiari ya kutoa laki moja au laki mbili. Kikao cha kamati kiliandikwa saa nane. Alifika saa nane, akakuta mlinzi, mbuzi mmoja na viti vimerundikwa. Akavipanga. Wajumbe walipoanza kuingia saa kumi walikuta ukumbi safi na viti kwa mistari, na tangu hapo hakuna kamati mjini isiyomtaka awe mjumbe.

Lakini lililoitishiwa kikao cha ukoo ni jingine. Mchana mmoja kwenye karakana alikopata vibarua, alikaa chini ya mwembe, akafungua chombo chake, akala kimya mpaka mwisho mbele ya vijana wanne. Hakukaribisha. Kabla ya alasiri nimeshapigiwa simu: mpwa wako amerudi na roho nyingine. Wengine walipendekeza mganga, kwa hoja kwamba hata choyo kina chanzo. Tulipomweka kati alijitetea kuwa kule aliwahi kukaribisha mtu akachukua paja zima. Bibi mmoja akamuuliza, kwani ulikuwa unamkaribisha ili akatae?

Mpwa wangu hakuwa na jibu, na kusema kweli hata sisi tuliokaa kumhukumu tulitazamana.

Nimtetee kidogo: kilichobadilika si yeye peke yake. Aliuliza njia ya Buzwagi, pale alipoanzia kushika spana. Mgodi ule ulioanza uzalishaji mwaka 2009 ulishafunga mwaka 2021. Geita ambayo utotoni aliijua kama wilaya ya Mwanza imekuwa mkoa tangu mwaka 2012. Dhahabu iliyokuwa inanunuliwa vichochoroni, mwenye kuuza akitazama nyuma, tangu mwaka 2019 ina soko la madini lenye mizani na risiti. Mitaa aliyoiacha na matope sasa ina nyumba za vioo, na watoto wanamwelekeza kwa kidole mtu aliyezaliwa hapo. Kila anayerudi huwa anarudi mahali pengine, na mwenyeji wake huko ni yule yule wa stendi.

Ukitaka kuona taabu ya kumkosa, tazama uzio. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na mgodi ukaota mji wake wenyewe, wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege, umezungushiwa ua ili mawe yasitoke. Moja lilitoka kwa heshima: almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, iliyopatikana mwaka 1947, ikawa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Walipoichonga ikabaki karati 23.6. Huyo ndiye mzaliwa wa Shinyanga aliyefika London akapokelewa bila kuchekwa na mtu, na ilibidi kwanza wamkate zaidi ya nusu.

Migodi mikubwa ya siku hizi nayo ina ua. Mtaalamu wa kigeni anaweza kutua ndani, kufanya kazi wiki zake, kula nyama aliyoizoea, kutazama mpira wa kwao, na kuruka. Tumwonee huruma. Anamaliza mkataba bila mtoto hata mmoja kumwimbia salamu aliyoikosea. Na kabla hatujamcheka, tukumbuke Watanzania wa London na Washington wanaohama kutoka nyama choma ya Jumamosi moja kwenda nyama choma ya Jumamosi nyingine, mwaka kwa mwaka, na jirani wa mlango wa pili hawajui hata jina. Ua unajengwa hata kwa moshi.

Kinyume chake ni rashi, yaani mkurupuko wa dhahabu. Ikivuma kwamba upande wa Nyarugusu au Lwamgasa watu wameona, porini panaota mji: Wasukuma, Waha, Wahaya, Wakurya, na wengine wasiopenda kuulizwa wametoka nchi gani. Wote wageni. Kuna mwenye duara, yaani shimo, kuna wanaoshuka, kuna matimba ya kuzuia kifusi, kuna karasha zinazosaga mpaka meno yanatikisika, kuna mwalo wa kuoshea, na kuna marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa, ambayo mwingine atayanunua akiamini wewe hukuona vizuri. Mwenye digrii na aliyetoka juzi kuchunga wanaanza pamoja, kwa kubeba viroba. Na hapo Ushamba unalipa taslimu. Tapeli wa dhahabu feki hamtafuti mshamba kamwe. Mshamba akishikishwa kipande anauliza hiki ni nini, mbona cha jana kilikuwa kizito, hebu subiri nimwite kaka. Kufumba na kufumbua watu kumi wamezunguka. Tapeli anamtaka mjuaji, aliyefika mbali, anayeona aibu kuuliza bei mara mbili.

Mpwa wangu alipopeleka akiba yake machimboni, vijana walimpa jina la Ekspati kwa sababu ya kofia ngumu na buti za chuma. Aliuliza kila kitu. Kwa nini matimba haya yamekaribiana na yale yameachana? Akaelezwa, na mzee aliyemweleza alijua mambo ambayo Kalgoorlie hayafundishwi darasani. Halafu akauliza mengine. Kwa nini watu wanashuka bila kupima hewa? Kwa nini yule dada anaikamua zebaki kwenye kitambaa kwa mikono mitupu? Kwa nini mnachoma mchanganyiko ule hapo hapo kwenye mafiga ya ugali, mtoto amebebwa mgongoni?

Wakacheka. Ndivyo inavyofanywa, wakamwambia, na huo ndio ukweli mtupu; inafanywa hivyo kila siku na kila mtu ameshaizoea, mimi nikiwemo, niliyekuwa nimepita pale mara nyingi nikifikiria bei ya gramu tu. Ilihitajika mtu asiyejua adabu za mahali kuuliza jambo ambalo mwenye adabu hawezi kuliona. Wiki iliyofuata moto wa kuchomea ulikuwa umehamishwa hatua thelathini kutoka jikoni. Hawakumwambia kuwa ni kwa ajili yake. Walisema moshi ulikuwa unaharibu mboga.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba yafuatayo yaingie kwenye muhtasari. Halmashauri itenge mahali pa sanamu ya Ushamba, ikiwezekana stendi ya Kahama, penye watu. Awe amesimama na sanduku, kichwa amekiinua anahesabu ghorofa. Mkono mmoja awe ameshika chombo cha chakula kilicho wazi, na ndani kuwe na paja moja, ili fundi asije akadhani ni kibakuli cha kuombea. Najua patatokea ugomvi kwamba sura iwe ya nani. Wahaya watasema ni yetu, sisi tutasema ni ya Wazaramo, Wazaramo hawatakuja kabisa. Kadi za mchango zimeshachapishwa na mchango ni wa hiari, kwa maana ile ile mnayoifahamu. Mpwa wangu amekubali kukaa kielelezo cha mchongaji bila malipo, ila anauliza kama kikao cha kwanza kitaanza kweli saa nane, au aje mapema kupanga viti.